Cliff Hepworth na Kijumba cha Rangi Mbili

Ndugu Clifford Hepworth, fundi mkuu wa Makumbusho ya Kompyuta za Nyumbani hapa Calderbeck, anastaafu Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025 baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Nimeombwa mimi, Glenys Tordoff, niandike wasifu huu kwa kuwa nimekaa naye meza moja muda wote huo. Walioniomba wanajua mimi na yeye tunavyochokozana, basi lawama ni zao.

Cliff alikuja kwetu mwaka 1999 akitokea duka la televisheni, ambako aliuza kompyuta za Spectrum ujana wake wote. Mimi nilikulia kwenye mpinzani wake, Commodore 64. Vijana wanaosoma jarida hili waelewe kwamba miaka ya themanini watoto wa nchi hii walinuniana shuleni kwa sababu ya mashine hizo mbili, na wengine wetu bado hatujamaliza kununa.

Kwa ufundi, Cliff hana wa kumfikia. Mashine ikiletwa imekufa, imejaa vumbi na makombo ya biskuti ya mwaka 1984, yeye huifungua, hunung'unika kidogo, na kabla ya chakula cha mchana inawaka. Tatizo lake ni kaseti. Spectrum husoma programu kutoka kwenye kaseti, na Cliff anaamini mtikisiko wa kiatu kimoja unaweza kuharibu yote, kwa hiyo hutaka watu wote wasimame kimya mpaka imalize. Mwaka 2008 alimzuia meya mlangoni, mkufu wa cheo ukiwa shingoni.

"Simama hapo hapo, mheshimiwa, imebaki kidogo tu," alimwambia. Zilikuwa zimebaki dakika nne.

Lakini kinachomfanya Cliff ajulikane mji mzima ni shindano letu la Oktoba. Siku ya milango wazi, yeye hutengeneza katuni inayotembea kwenye Spectrum, mimi kwenye Commodore, mada ikiwa moja. Wageni na wafanyakazi hupiga kura kwenye vikaratasi na kuandika sababu. Anayeshindwa huwachemshia wenzake chai mwaka mzima. Tumeshindana tangu 2004, tukaruka mwaka wa korona tu, na hadi mwaka jana Cliff alikuwa ameshindwa mara zote ishirini. Chai yake, kwa taarifa yenu, haijaimarika hata kidogo.

Nisimwonee. Mashine yangu ina vipicha vinane vinavyoelea juu ya mandhari bila kuigusa; namwambia farasi aende, anakwenda. Skrini yake yeye imegawanywa vijumba vidogo vidogo, na kila kijumba hukubali rangi mbili tu. Rangi ya tatu ikiingia, mojawapo ya zile mbili inafukuzwa. Mwaka 2011 alitengeneza mechi ya mpira, na kila mchezaji mwekundu aliyekaribia mstari wa uwanja aligeuka kijani.

"Huyo kahamia timu nyingine au vipi?" mama mmoja aliuliza, na ukumbi mzima ukamcheka Cliff.

Yeye naye ana ulimi. Ni kweli rangi zake zinang'aa, na zangu nyingi ni kahawia na kijivu. "Glenys, rangi zako umezifua kwa maji ya moto," huniambia kila mwaka, mbele ya watu.

Mwaka huu, Septemba, alikuwa anakula sandwichi yake ya jibini na achari, akaiweka chini. "Nataka kushinda hii ya mwisho," alisema. "Moja tu, niondoke kama mtu." Hakuwa anatania. Nilimjibu kwamba atashinda siku nitakayozikwa, kisha nikaenda kufanya kazi kwa bidii kuliko mwaka wowote.

Mada ilikuwa "Kazini". Mimi nilitengeneza farasi wa mkokoteni wa maziwa akipita mtaani baada ya mvua. Cliff alitengeneza fundi wa rangi anayepaka uzio. Kila alipousogelea, rangi ya uzio ilimrukia: mkono ukawa njano, pua ikawa buluu, mwishowe hata paka wake akawa na rangi ya uzio. Kasoro iliyomtesa miaka ishirini aliigeuza ndiyo kichekesho chenyewe. Watu walicheka mpaka wakashika meza. Nilijua nimekwisha.

Kura zikahesabiwa mbele yetu: zangu arobaini na nane, zake arobaini na saba. Cliff alinipa mkono, akasema, "Haya, mama, umenipata tena," akaenda kukunja nyaya.

Nilibaki kusoma vikaratasi ili nifaidi ushindi. Vyangu vingi viliandikwa "farasi mzuri". Changu mwenyewe, maana nilijipigia kura bila aibu, kiliandikwa "iko wazi". Kimoja kilikuwa kwa herufi kubwa zilizonyooka, zile zile Cliff anazoandika kwenye lebo za mashine: "COMMODORE. KIVULI CHA FARASI KINAPIGA HATUA PAMOJA NAYE KWENYE LAMI ILIYOLOWA."

Kivuli kile kilinichukua wiki tatu. Hakuna mwingine aliyekiona.

Nilimfuata chumba cha nyaya. "Ungejipigia mwenyewe ungeshinda wewe," nilimwambia.

"Najua kuhesabu," alisema. "Lakini kivuli kilikuwa kizuri."

Cliff, wenzako wote wanakushukuru kwa mashine ulizofufua na kwa uvumilivu wako. Uwe na afya, upumzike, maisha yakutendee mema huko uendako. Nami nakuambia hapa, mbele ya wasomaji wote: ulistahili kushinda wewe, na katika ushindi wangu wote, huu ndio ambao ningependa kuupoteza.