Vidonge vya Fundi Cherehani

Boti ya waokoaji iliyotubeba ilipita juu ya barabara iliyomezwa na mafuriko, niliyokuwa nikiivuka kwa miguu wiki iliyopita. Mbele yangu muuguzi alikumbatia boksi la dawa, na kando yake mzee mmoja, fundi wa nguo, alipakata cherehani yake kama mtoto mchanga.

“Vile vidonge vya kusafisha maji nilivyowagawia juzi, baba, umevitumia?” muuguzi aliuliza.

“Vyote, mwanangu. Ulisema nitie kwenye maji nisubiri nusu saa. Maji yalikuwa yamefika dirishani, nikatia humo humo, nikapanda mezani kusubiri.”

“Yakasafika?”

“Hata vyura hawakushtuka.”

Boti nzima ilicheka, mimi nisiyehusika nikiongoza. Muuguzi alitabasamu tu. “Sasa niambie kweli, baba.”

“Nilimpa jirani. Ana mapacha wachanga.”

“Na wewe ukanywa nini?”

“Tumbo langu la siku nyingi hili, limezoea kila kitu.”

“Kipindupindu hakizoeleki.”

“Nyie mnapenda kututisha.”

Boti ikagusa ngazi za shule iliyogeuzwa zahanati. Muuguzi alinyoosha mikono kupokea cherehani. Fundi, ambaye njia nzima hakutaka mtu aiguse, alimpa, na mikono yake yote miwili ikakimbilia tumboni.