Herufi za Saizi ya Kila Jicho

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Maktaba, pamoja na wote mliokuja kufungua chumba hiki kipya cha kusomea: salaam aleikum, na habari za asubuhi.

Mgeni rasmi, usishtuke kuona rundo hili la karatasi. Risala ni fupi. Mimi Regina Akolong, katibu, nasoma herufi za saizi sitini na tatu, na kila karatasi inabeba maneno manane tu. Mwenye haraka atuvumilie.

TULIKOTOKA

Tulianza miaka saba iliyopita tukiwa watu ishirini na wawili. Sote tulijifunza kusoma ukubwani, na wengine walitoka Gotu kwa miguu. Baada ya muda macho yakaanza kutuacha, mmoja mmoja, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Mtu alishika kitabu, akasikiliza jirani anapogeuza ukurasa, naye akageuza.

Aliyetugundua ni Habsa Kahin, mpanga chapa wa maktaba hii. Siku moja alitugawia kijitabu ambacho kurasa zake nne zilitoka tupu kwa makosa ya mashine. Tulizisoma zote nne mpaka mwisho. Mwenyekiti wetu, Mzee Ekitela, hata alisema zimemfurahisha.

TULIYOYAPATA

Habsa hakucheka. Aliketi na kila mmoja wetu. Kompyuta yake kuukuu ina programu inayochora herufi kwa saizi yoyote utakayotaja. Ukikuza maandishi kwa fotokopi, kingo zinachakaa na mtu hajui hii ni a au ni e. Programu hii inaanza upya: inapanga unene wa mstari, uwazi wa tundu la ndani ya herufi na nafasi kati ya herufi, mpaka jicho lako likubali. Ekitela alikubali ishirini na sita na nusu. Hiyo nusu aliidai mwenyewe, mnamjua.

Mama Fahmo, kwa saizi arobaini na moja, alisoma barua ya mwanawe kutoka Sericho. Kumbe jirani aliyekuwa akimsomea alikuwa akiruka habari za ngamia waliokufa. Alilia sana, lakini safari hii alijua analilia nini.

YANAYOTUSUMBUA

Jicho halingoji. Saizi inapanda, maneno kwenye ukurasa yanapungua, na mtu anakata tamaa. Wengine walichukuliwa na watoto wao, wengine tumewazika. Leo tumebaki wanne. Viti vilivyojaa hapa ni vya wageni wako.

Nyumbani watu ni wengi, lakini asiyeona vizuri huambiwa "kaa hapo", naye hukaa hapo hadi jioni. Tuko wapweke, mgeni rasmi. Neno hilo tuliliandika, tukalifuta, kisha tukalirudisha.

Sasa tumesikia chumba hiki kitaletewa vitabu vya herufi kubwa, vyote saizi kumi na nane, kompyuta ya Habsa itaondolewa, naye atahamishwa. Kwa vitabu tunashukuru. Ila kati yetu hakuna anayeiona hiyo kumi na nane.

MAOMBI

Tunaomba kompyuta ibaki. Tunaomba Habsa abaki nayo, maana mashine bila yeye ni sanduku tu. Mwenyekiti aliniambia niishie hapo, lakini karatasi ninazo mimi.

Mwenzetu wa nne ni Mzee Lodio, yule aliyeketi karibu na mlango. Tangu Januari haoni saizi yoyote. Bado anakuja kila Jumanne. Habsa anamchorea herufi moja, anamwekea mbele.

"Hii unaona, mzee?"

"Bado. Ongeza kidogo."

Anaongeza. Herufi imeshapita karatasi moja, sasa Habsa anagundisha nne pamoja. Habsa anajua, sisi tunajua, na Lodio anajua kwamba tunajua. Wiki iliyopita nilimwuliza kwa nini hasemi ukweli apumzike. Akaniambia, "Regina, nikisema sioni, nani ataniuliza tena?"

Mgeni rasmi, hata kama ni lazima kompyuta iende, tuachie mtu wa kutuuliza.

Mwenyezi Mungu akulindie macho yako na ya watu wa nyumbani kwako, na akurudishe salama. Amina.

Ni sisi,
Ekitela, Fahmo, Lodio na Regina,
Kikundi cha Wasomaji wa Jumanne, Isiolo.