Viganja vya Maman Beni

Tarehe 31 Julai, Mwalimu Benitha Mukamusoni anastaafu baada ya kufundisha miaka thelathini katika shule yetu hapa Giheke. Sisi tuliozoea kumwita Maman Beni bado hatujui nani atatukemea tukichelewa kurudi kutoka chai ya saa nne.

Alisomea Bukavu, akaja kwetu na Kifaransa chake safi. Kisha likaja agizo la kufundisha kwa Kiingereza. Jamani, tulihangaika! Yeye, karibu miaka hamsini, alianza upya kama mtoto, akibandika maneno mapya hadi kwenye mlango wa jikoni.

Ikafika siku ya mkaguzi. Mwalimu ambaye angeshindwa angeondolewa darasani. Neno la somo lilikuwa composure. Chaki ilimvunjikia mkononi mara mbili, nami niliyeketi nyuma, mwalimu mpya wakati huo, nikajua amekwisha. Akaacha kuandika, akalaza viganja vyote viwili mezani, akasema kwa Kiswahili chetu, mkaguzi akisikia: "Batoto, niko naogopa sana. Sasa muangalie mikono yangu."

Alingoja mpaka ikatulia. Ndipo akaeleza kwamba ziwa likiwa halina upepo limetulia tu, na neno hilo halilihusu. Ni neno la mtu aliyechafuka moyoni lakini anajishika ili kazi yake iendelee, kama mama pale mpakani Rusizi ya Pili anayengoja arudishiwe karatasi zake huku nyanya zake zikilainika juani. Mkaguzi aliyanakili maelezo hayo kwenye daftari lake. Maman Beni akabaki.

Tangu hapo, kabla ya kila mtihani, wanafunzi wetu hulaza viganja juu ya dawati mpaka mikono itulie. Wageni hudhani tunasali. Anayeshika kalamu mapema huwarudisha wote mwanzo, na Mkurugenzi wa shule yetu, Mzee Bizimana, siku moja alipojiunga nao alirudishwa pia.

Ijumaa iliyopita tulimwomba aliandike neno lile mara ya mwisho. Alishika chaki, machozi yakamshinda. Hakuna aliyetoa amri, lakini darasa zima lililaza viganja, likamngoja. Hata sisi walimu tulilaza vyetu ukutani. Aliandika herufi tatu tu, akaketi.

Maman Beni, asante. Tunakupenda. Nenda Nyakarenzo ukapalilie maharagwe yako na kulea wajukuu, Mungu akupe afya. Umejishika miaka mingi kwa ajili yetu. Sasa lia ukitaka. Zile herufi zilizobaki tutaziandika sisi.

Parfait Tuyisenge, kwa niaba ya walimu wenzako