Bwana Gramu na Njia ya Kuzunguka

Marehemu, ambaye wote tulimwita Bwana Gramu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa mfinyanzi na mkunga. Alikuja duniani miguu yote miwili ikizunguka hewani kama anayefukuzwa na mbwa. Anayebisha akamuulize mkunga. Bahati mbaya, mkunga alikuwa ni huyo huyo mama yake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1959, kilomita saba kwenda na saba kurudi, kwa miguu. Mwalimu wa hesabu alikuwa na baiskeli, na marehemu alijitolea kuifuta kila Ijumaa. Aliifuta mpaka rangi ikaanza kubanduka. Mwalimu akamwambia, "Basi mwanangu, ipande tu, maana kwa kuifuta utaimaliza."

Tarehe 4 Mei 1970 aliajiriwa katika karakana ya mizani, akawa fundi hapo kwa miaka arobaini na mmoja. Mezani pake mawe ya shaba ya kupimia yalipangwa kwa ukubwa kama watoto mstarini, na aliyashika kwa kitambaa cheupe, kwani alisema hata alama ya kidole ina uzito. Akishika kitunguu, alijua kama kimepungua ganda. Na ukweli wake ulikuwa hivyo hivyo, wa kupima. Mkewe akilalamika, "Nimekungoja mwaka mzima!" yeye humjibu, "Dakika nane, mke wangu."

Mtu huyu aliishi na uongo mmoja tu.

Alifunga ndoa tarehe 19 Juni 1976 na mkewe, ambaye ndiye aliyeyatunga maneno haya. Bwana arusi alimweleza kwamba kazini ni mbali, saa nzima kwa baiskeli, milima mitupu. Mke akamwonea huruma. Miaka kumi na mmoja alimkanda magoti kwa maji ya moto na kumpakulia viazi vikubwa kuliko vya watoto. Mpaka siku jirani yao, mshona nguo, alipomwambia:

"Shoga, karakana ya mizani si hapo tu? Robo saa! Na mumeo nimemwona kule tangi la maji, anacheka peke yake."

"Anacheka?"

"Meno yote nje."

Mwanamume anayecheka peke yake asubuhi ana mwanamke mahali. Kulijua hilo hakuhitaji shule. Mke akaazima baiskeli ya shoga yake, akajifunza kwa wiki mbili uani, akaangusha kamba za nguo za majirani wote. Tarehe 3 Februari 1988, Jumatano, akamfuata.

Alipita nyuma ya duka la mikate, harufu ikamsindikiza mpaka kwenye reli. Akaingia chini ya miti iliyodondosha umande shingoni. Mbele, marehemu alipiga kengele kusalimia kila kitu, hata mbuzi. Walipofika tangi la maji, barabara iliteremka ghafla. Marehemu akainua miguu yote miwili, akaitandaza, tai ikapepea begani, akapiga kelele: "Hoyeee!"

Mke naye akateremka. Pedali alizijua, breki hakufundishwa. Akampita mumewe kama radi. Inasemekana kuna mbayuwayu alimpisha.

"Mama watoto! Breki!"

"Ziko wapi?"

Aliokotwa kwenye lundo la maranda ya seremala, mzima, gauni limejaa maranda.

"Niambie kweli," akasema. "Ni nani unayemfuata huku?"

Marehemu akauonyesha mteremko kwa kidole. "Ndiye huyo."

Mke akauangalia huyo mke mwenza. Akaguna. "Haya, twende juu tena."

Tangu siku ile uongo uliisha, ila viazi vikubwa viliendelea.

Mwaka 2022 moyo wake ulidhoofika na daktari akamkataza baiskeli. Alinyamaza kama mizani isiyo na kitu. Jumapili, tarehe 6 Agosti 2023, asubuhi, mkewe alimkalisha kwenye keria, akamfunga kiunoni kwa shuka, akakanyaga.

"Umebeba kilo hamsini na mbili na robo," marehemu akamwambia walipofika juu. "Usishike breki."

"Sishiki, baba watoto."

Hakushika. Kengele ililia mpaka chini. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 17 Agosti, alifariki nyumbani, usingizini. Kwa ajili ya ule mteremko mkewe halii sana. Anafurahi kuliko inavyompasa mjane.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na baiskeli moja ambayo mtu asiiguse, ina mwenyewe. Kutoka hapa nyumbani hadi makaburini ni dakika kumi kwa njia iliyonyooka. Leo tutapita tangi la maji. Wenye magari mtufuate taratibu, na mwenye kengele aipige.

Bwana Gramu apumzike kwa amani, miguu juu.