Sahani Haikuwa Chafu: Maisha ya Ardis Kvamme

Marehemu Ardis Solheim Kvamme alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 katika shamba la ng'ombe wa maziwa karibu na Fergus Falls, Minnesota, mtoto wa tatu wa Nels na Borghild Solheim. Alimaliza sekondari mwaka 1956, kisha akasomea ufundi wa maabara mjini Moorhead.

Mwaka 1963 alifunga ndoa na Orrin Kvamme, fundi bomba mpole ambaye hakushinda ubishi hata mmoja nyumbani kwake.

Kuanzia 1961 aliotesha bakteria katika maabara moja ya Minneapolis. Asubuhi ya tarehe 6 Februari 1979 alikuta kwenye sahani yake ya kuoteshea aina moja ya bakteria imeua majirani wote wa aina nyingine, huku ndugu wa wauaji wenyewe wakiwa wazima. Mkuu wake, Dk. Rausch, hakutaka maelezo.

"Umeingiza uchafu, Ardis. Tupa."

"Tupa wewe. Mimi sijachafua kitu."

Hakuitupa. Aliweka kati ya makundi hayo mawili, wauaji na majirani, utando unaopitisha majimaji lakini si bakteria. Hakufa hata mmoja. Alipouondoa, majirani waliteketea. Basi wauaji walikuwa wakiua kwa kugusana, wakimdunga jirani sumu ambayo ndugu zao wana kinga yake. Alirudia mara arobaini na moja, kabla ya saa za kazi. Orrin aliposimuliwa alihamia mwisho wa kochi. "Leo usinisogelee, mke wangu," alisema.

Mwaka 1983 matokeo yalichapishwa kwa jina la Dk. Rausch peke yake. Ardis alishukuriwa kwa usafi wa vyombo. Jambo hilo linatuuma hadi leo. Yeye alibaki palepale miaka ishirini zaidi, akimfundisha kila mwanafunzi mpya jaribio lile na kuliita Jaribio la Kvamme, mkuu akisikia.

Novemba 2018 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alifariki nyumbani tarehe 17 Februari 2019, na tumesubiri hadi leo, 4 Mei, ardhi iliyoganda kwa baridi ilainike tumzike. Alipoambiwa kwamba Dk. Rausch huenda akaja, alisema, "Mkalisheni mbele. Masikio yake mazito."

Orrin alimtangulia mwaka 2011. Ardis ameacha dada yake Verna, watoto wawili, Karna na Leif, na wajukuu watano.

Dk. Rausch, uliyeketi kiti cha mbele: sahani haikuwa chafu.

Ardis apumzike sasa. Imesemwa.