Onesmus Barasa Makokha, Aliyecheza kwa Jina la Mdogo Wake

Onesmus Barasa Makokha alizaliwa hapa Sitabicha tarehe 9 Machi 1988, mtoto wa pili wa Mzee Timothy Makokha na Mama Fridah Nasimiyu. Siku tisa kabla ya kufariki alituma ujumbe wa sauti kutoka Jeddah akiomba wasifu wake usomwe bila kupunguzwa chochote, na usomwe na mdogo wake, Norman. Basi ndiye huyu aliyesimama mbele yenu.

Alisoma shule ya msingi papa hapa kijijini, akamaliza kidato cha nne mwaka 2006. Masomo hayakumpenda sana. Mpira ulimpenda. Mama anakumbuka alivyokuwa akitumwa mtoni, akirudi mtungi umejaa nusu kwa sababu njia nzima alikuwa akipiga danadana kwa chungwa. Alichezea timu za kaunti, kisha za Nairobi, miaka minane, bila kufika mbali.

Juni 2014 alikuja kocha mgeni aliyekuwa akitafutia wachezaji klabu mpya ya Amerika, ya daraja la tatu, katika mji mdogo uitwao Harlan Forks. Alitaka vijana wasiozidi miaka ishirini. Onesmus alikuwa na ishirini na sita. Norman alikuwa na kumi na tisa, yuko kidato cha nne, na hajachukua kitambulisho. Familia ilikaa sebuleni jioni moja, wote. Baba akauliza, "Norman, cheti chako cha kuzaliwa kiko wapi?" Norman akaenda chumbani akakileta kwa mkono wake. Baadaye akapatikana mtu aliyejua kuzipitisha karatasi, wala leo hatutamtaja. Onesmus akasafiri akiitwa Norman.

Klabu ile ilianza na vitu vichache. Ilichezea uwanja wa shule, ambako mistari ya mchezo wao wa kurushiana mpira kwa mikono ilikuwa haijafutika, hata kipa mmoja akadaka nje ya eneo lake akidhani yuko ndani. Wachezaji wenyewe ndio waliopaka rangi viti vya mashabiki. Kocha msaidizi ndiye aliyekuwa dereva wa basi, na safari nyingine zilichukua muda wa saa kumi na moja njiani. Jumamosi tarehe 11 Aprili 2015, mechi ya kwanza kabisa, Onesmus alifunga kwa kichwa dakika ya 63, bao la kwanza katika maisha ya klabu hiyo. Watu walisimama wakaliimba jina: Norman! Norman! Alisema kwamba alipiga magoti akafunika uso, wakadhani anasali.

Aliishi nyumbani kwa mjane mmoja, Bi Doris, kwa kuwa klabu haikuwa na nyumba za wachezaji. Siku ya kuzaliwa ya Norman ilipofika, Bi Doris alimwokea keki yenye mishumaa ishirini. Onesmus aliizima yote kwa pumzi moja na hakuweza kumtazama.

Mwishoni mwa msimu wa pili, klabu ya daraja la juu ilimtaka. Iliomba rekodi zake za shule. Onesmus akasema goti limeharibika, akapanda ndege akarudi. Wenzake walimsindikiza wakilia, naye goti halikuwa na kitu.

Mwaka huohuo, 2016, Norman aliitwa chuo cha ualimu. Alipokwenda kuomba kitambulisho, karani alimwambia, "Kijana, hapa inaonyesha ulishachukua, na umesafiri. Umerudi lini?" Alirudi nyumbani akaanza kufyatua matofali, na miaka tisa aliyafyatua. Onesmus alimkuta kwenye tanuri siku aliyorudi kutoka Amerika. Walisalimiana wakazungumza habari za mvua.

Machi 2018 Onesmus alikwenda Riyadh kuwa dereva wa familia moja, kwa pasipoti ileile ya jina la Norman. Huko alikutana na Metrine, aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani mtaa wa pili. Walipendana kwa simu zaidi ya macho, kwa sababu Metrine alitoka nje mara moja kwa wiki. Januari 2020 walikuja kufunga ndoa huku kwetu Kimilili. Metrine alijua anaolewa na Norman. Alipofika nyumbani, Mama akamwita bwana harusi Onesmus, na kijana mwingine akaja kumpokea mizigo akisema, "Karibu shemeji, mimi ni Norman." Metrine aliketi juu ya begi lake akauliza, "Sasa mimi naolewa na nani?" Watu walicheka. Aliambiwa yote usiku uleule, akalia, na asubuhi akavaa nguo yake ya harusi. Walijaliwa watoto wawili, Ian na Lydia, na Metrine akabaki kuwalea.

Mwaka 2021 Onesmus alihamia Jeddah, akawa karani wa mizigo katika kampuni moja bandarini. Aliishi mtaa wa Ghulail, na Ijumaa aliwafundisha mpira vijana wetu wanaofanya kazi huko. Januari mwaka huu klabu ya Harlan Forks ilimwandikia. Ilikuwa inatimiza miaka kumi, ilikuwa imetengeneza ubao wenye jina la mfungaji wa bao la kwanza, na ilimwalika kwenye sherehe. Alimwonyesha barua hiyo rafiki yake Idi, mwenye duka, ambaye wazee wake walitoka Unguja.

"Mbona hufurahi, bwana? Si wewe huyu?"

"Si mimi. Hilo ni jina la mdogo wangu."

Idi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mie usinambie kitu. Mwenyewe yu hai. Mpigie yeye mwanzo."

Akapiga. Alisema, "Norman, nilikula maisha yako. Nilijua, na nikaendelea kula." Norman alimjibu, "Nilidhani hutasema hata siku moja," akakata simu. Alikaa majuma matatu bila kupokea simu zake. Hilo nalo lisomwe.

Onesmus aliiandikia klabu ukweli wote. Walijibu mistari minne: wamesikitika, ubao umeteremshwa, asihudhurie. Bi Doris aliandika peke yake, kwamba umri haukumsumbua, ila kila usiku kwa miaka kumi alimwombea mtu asiyemjua. Maneno hayo, alisema Onesmus, yalimshinda kuliko yote.

Machi alipanda basi hadi Riyadh, akajisalimisha kwenye ubalozi wetu. Pasipoti ikachukuliwa. Bila pasipoti ikama, kibali cha kuishi huko, haikuweza kufanywa upya, na bosi akamwambia, "Halas, hakuna kazi mpaka karatasi zikamilike." Onesmus alikuwa na shinikizo la damu tangu 2022, na figo zilikuwa zimeanza kulegea. Aliacha kwenda kliniki kwa sababu kila dirisha lilitaka ikama. Sisi tulimwuliza kwenye simu kama anatumia dawa, akasema ndiyo. Idi alimpeleka hospitali tarehe 20 Septemba. Siku zile za mwisho Norman alimpigia kila siku, wakazungumza hata habari za matofali. Alifariki alfajiri ya tarehe 2 Oktoba 2025, akiwa na miaka thelathini na saba.

Karatasi za hospitali zilisema amekufa Norman Makokha. Ili mwili usafirishwe ilibidi Norman aende akaape kwamba yu hai, achukuliwe alama za vidole, na wazazi wakiri walichofanya. Ilichukua majuma sita. Alipewa kitambulisho chake Jumatatu, jeneza likafika Alhamisi.

Leo, tarehe 15 Novemba, tunamzika. Ameacha mjane, Metrine. Watoto, Ian na Lydia. Wazazi, Mzee Timothy na Mama Fridah. Dada yake, Risper. Mdogo wake, Norman. Pamoja na Idi na vijana wa Ijumaa wa Ghulail. Tuliokuwa sebuleni mwaka ule wa 2014 tulikuwa watano, na ni yeye peke yake aliyeomba radhi.

Mungu amlaze pema Onesmus. Aibu iliyobaki atuachie sisi wazima, maana yeye imekwisha kumtosha.