Siku Niliyowafundisha Akina Mama Habari za Ufaransa

Mungu ni mwema, ndugu zangu, na leo nalisema hilo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wengi mnanijua kama yule mama wa Kifaransa. Nilikuwa chuo kikuu Nairobi, nikifundisha jinsi watu wa Ufaransa walivyoishi enzi za mabwana na ngome. Jumamosi nilikuwa na darasa la bure maktaba, anayetaka aje. Nawaambia, nililipenda kuliko kazi yenyewe.

Siku moja kiharusi kikaniangusha mbele ya darasa hilo. Nilipoamka, Kifaransa kimeenda. Kiingereza pia. Kiswahili, vipande tu. Nilibaki na Kikamba cha nyumbani kwetu, tena cha kuvutavuta. Mume wangu akanileta hapa Kikima kwa dada yake. Nilikuwa nafungua vitabu vyangu nalia, sisomi kitu.

Wifi yangu hakunibembeleza. Alhamisi moja akanileta kwa kikundi cha akina mama, hapa hapa kanisani, akawaambia, "Huyu atatufundisha."

Nilitaka kutoroka, lakini mguu mmoja ulikuwa haunisikii. Chekeni tu, ndivyo ilivyokuwa.

Nikaanza kwa Kikamba. Neno, kimya, neno. Nikawaambia bwana wa ngome alikuwa na kinu cha maji, na wakulima walilazimishwa kusaga hapo na kumwachia sehemu ya nafaka. Kusaga nyumbani kulikatazwa. Mawe ya kusagia yakipatikana kwako, yalivunjwa.

Mama mmoja akaacha kusuka kiondo. "Waliyaficha wapi?"

"Nani?"

"Hao wanawake. Usiniambie hawakuficha."

"Chini ya kitanda," mwingine akasema.

"Huko si ndiko wataangalia kwanza? Weka kwa zizi la mbuzi."

Wakabishana, nami nikabishana nao. Ndugu zangu, nikajikuta nimesimama, mkono hewani, maneno yanakimbilia mdomoni yakisukumana. Wifi yangu alikuwa analia. Nilikuwa nafundisha.

Sasa Kiswahili kimerudi, mnanisikia. Kifaransa kinakuja polepole. Kathonzweni wameniita nikawafundishe, na juzi kule Tawa watu walisimama hadi madirishani.

Asante, mume wangu. Asante, wifi. Asanteni, mama zangu wa Alhamisi, hamkunihurumia hata kidogo.

Ndugu zangu, mtu wenu akivunjika, msimwambie apumzike tu. Mpeni kazi yake, hata aifanye vibaya. Na kama yuko nyumbani anangoja apone ndipo aanze, mleteni Alhamisi. Tutamuuliza maswali.